JINSI TULIVYOIFUNZA KIBODI YA ZAMANI KUANDIKA HERUFI NDOGO

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Nimechukua kalamu niwape somo fupi kuhusu herufi kubwa na herufi ndogo. Najua wengine mtasema, "Ah, hilo tulilimaliza darasa la pili!" Ngojeni kwanza. Hata mimi nilidhani hivyo hivyo mpaka lilipoponikuta la kunikuta.

1. CHANZO CHA SOMO

Mwaka jana nilikuwa na tabia ya kuandika insha zangu zote kwa herufi kubwa. Sababu ni kwamba mwandiko wangu ni mbaya. Nikiandika herufi ndogo, "n" yangu hufanana na "u", na "a" hufanana na "o". Basi nikaona dawa ni kuandika kila kitu kwa herufi kubwa, mwalimu asome bila taabu. Mhula wa pili nilipata alama 9 kwa 20. Nilikuwa nimeandika hivi: "ALIREJEA KATIKA NYUMBA YA AMANI." Mwalimu alipiga mstari kwa kalamu nyekundu akauliza pembeni, "Amani huyu ni nani?" Na mwisho wa karatasi akaongeza, "Insha si bango la dukani."

Nilikasirika, sitaficha. Nilimaanisha nyumba yenye utulivu. Lakini nilipotulia nikaona mwalimu ana haki. Kwa herufi kubwa tupu, nani atajua kama ni nyumba ya amani au ni nyumba ya Amani, jirani yetu?

Tazameni mifano hii:

(a) MTOTO WA NEEMA. Je, ni mtoto wa Neema, au ni mtoto aliyejaliwa neema?
(b) BARUA YA PENDO. Je, ni barua ya Pendo, au ni barua ya pendo? Hapa mtu anaweza kuitwa ofisini bure!
(c) SAUTI YA SIMBA. Je, ni ya mtu aitwaye Simba, au ni ya mnyama wa mwituni?

Mara nyingi upatanisho wa kisarufi hutuokoa. Ukisema "nimempata Baraka" na "nimepata baraka", kile kiambishi "-m-" kinatosha kutofautisha mtu na kitu. Lakini kwenye "ya" na "wa" kama hapo juu, sarufi hainyooshi mkono. Ni herufi kubwa peke yake inayobaki kutueleza. Kumbe kile kitu tulichofunzwa darasa la pili kina kazi nzito!

2. MASHINE ISIYOJUA HERUFI NDOGO

Sasa sikilizeni maajabu. Mjomba wangu ni fundi wa redio na runinga pale Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Jumamosi humsaidia kufagia, kupanga skrubu na kushika tochi. Siku moja mzee mmoja alileta kompyuta ya zamani aliyorudi nayo kutoka masomoni Marekani. Ilikuwa imekaa miaka mingi juu ya kabati, imefunikwa kwa leso. Jina lake ni Apple II Plus. Aina hiyo ilitolewa mwaka 1979, na ile ya kwanza kabisa, Apple II, iliyosanifiwa na Steve Wozniak, ilitoka mwaka 1977. Kibodi yake imejengwa pamoja na mashine, kama taipureta.

Mzee alisema, "Mwanangu, ikifa basi, lakini ikipona nataka niandikie wajukuu kisa cha safari yangu. Nyumba inapouzwa mwezi ujao, kila kitu kitatoka." Mjomba akamwahidi kwamba atajaribu, na kwamba hataiharibu zaidi ya ilivyo. Kumbukeni ahadi hiyo, maana mimi nusura niivunje.

Mashine ya Marekani hutaka stima ya volti 110, na yetu ni 240. Kuichomeka moja kwa moja ukutani ni kuiua. Mjomba alitumia transfoma ya kushusha stima. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula vitufe, tukavisafisha kimoja kimoja kwa spiriti. Tukaunganisha na runinga kwa ule waya wa picha, tukawasha. Ikalia "pii!" Mjomba akacheka kama mtoto.

Nikabonyeza kitufe cha A. Ikatokea A kubwa. Nikashika Shift nikabonyeza A. Ikatokea A kubwa vile vile. Nikajaribu B, C, D, zote kubwa! Mashine hii ilikuwa na ugonjwa ule ule wangu. Nikajiambia, hapa nimempata ndugu.

3. KOMPYUTA HUJUAJE HERUFI?

Ndani ya kompyuta hakuna herufi, mna namba tu. Kila herufi imepewa namba yake katika orodha inayoitwa ASCII. Orodha hiyo ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1963 haikuwa na herufi ndogo. Ziliingizwa katika toleo la mwaka 1967. A kubwa ni 65, B ni 66, mpaka Z ambayo ni 90. Kisha a ndogo ni 97, b ni 98, mpaka z ambayo ni 122.

Toeni 65 kutoka 97, mtapata 32. Toeni M (77) kutoka m (109), mtapata 32 tena. Kila herufi ndogo imezidi kubwa yake kwa 32 kamili, na hilo si jambo la bahati. Kompyuta huhesabu kwa 0 na 1 tu, na thamani za nafasi zake ni 64, 32, 16, 8, 4, 2 na 1. Tazameni:

A = 1000001
a = 1100001
M = 1001101
m = 1101101

Kilichobadilika ni nafasi moja tu, ile ya 32. Kwa hiyo kubwa na ndogo ni herufi moja, ila mmoja amevaa kofia na mwingine hakuvaa. Ukiweza kuigeuza hiyo nafasi moja, kazi imekwisha.

Kwa nini basi waliounda mashine hawakuiweka? Ni gharama na nafasi. Chipu iliyochora herufi kwenye skrini za mwanzo za Apple II ilikuwa na picha 64 tu. Ukihesabu A hadi Z, tarakimu na alama za uakifishaji, 64 zimejaa. Na kibodi nayo ikatengenezwa itoe herufi kubwa tu. Shift ilikuwa ya kupata alama kama ! na ?.

4. JARIBIO LA KWANZA: JE, SKRINI INAJUA?

Hapa kuna matatizo mawili, na wengi huyachanganya. La kwanza ni skrini: je, inajua kuchora herufi ndogo? La pili ni kibodi: je, inajua kuituma? Usianze kukata waya kabla hujajua ugonjwa uko wapi. Mjomba alinifunza kuandika hivi:

PRINT CHR$(97)

Maana yake ni, "Chapisha herufi namba 97." Mashine yenye ile chipu ya picha 64 haiwezi kusoma nafasi ya juu kabisa, ile ya 64. Huiacha. Sasa 97 kutoa 64 ni 33, na 33 ni alama ya mshangao! Kwa hiyo "a" hutokea kama "!". Na neno "mama" lingetokea hivi: -!-! Fikirieni kumwandikia mama barua namna hiyo.

Tulipobonyeza RETURN, skrini ikatuonyesha a. Ndogo, safi kabisa! Mzee alipoulizwa akakumbuka kwamba alipokuwa kule chuoni rafiki yake alimbadilishia chipu ya skrini, lakini kibodi hakuigusa. Basi jicho lilikuwa limepona, mkono ndio bado.

5. KUTIA WAYA

Kibodi hii haipeleki habari za Shift kwa kompyuta. Inapeleka herufi tu. Kompyuta haijui kama umeshika Shift au hukushika. Dawa yake, ambayo wenye mashine hizi waliitumia sana siku hizo, ni waya mmoja tu. Ndani ya mashine mna tundu la kijiti cha michezo lenye vishimo 16. Kishimo namba 4 ni cha kitufe cha tatu cha mchezo, ambacho watu wengi hawakukitumia. Ukitoa waya kutoka kitufe cha Shift mpaka kishimo hicho, kompyuta itaiona Shift kama kitufe cha mchezo. Werevu ulioje!

Hatua zilikuwa hizi:

(a) Zima mashine na uchomoe waya wa stima. Gusa bati la sanduku la stima lililo ndani ili umeme wa mwilini utoke.
(b) Tafuta miguu miwili ya swichi ya Shift chini ya kibodi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa niliinama kweli.
(c) Washa, na kwa mita pima kila mguu. Mguu mmoja hubaki sifuri siku zote, huo ni wa hasi. Mwingine una karibu volti 5, na ukibonyeza Shift hushuka hadi sifuri. Huo ndio tunaoutaka.
(d) Zima tena na uchomoe. Lehemu waya mwembamba kwenye mguu huo. Risasi iwe kidogo, isimwagikie mguu wa jirani.
(e) Ncha ya pili ichomeke katika kishimo namba 4.
(f) Washa, kisha andika programu hii fupi ya kupima:

10 PRINT PEEK(49251)
20 GOTO 10

Hiyo 49251 ni anwani ya kile kitufe cha tatu. Namba zitaanza kuteremka skrini. Bila kubonyeza Shift, namba ziwe juu ya 127. Ukibonyeza, ziwe chini ya 128.

Nilipobonyeza Shift, hakuna kilichobadilika. Nikabonyeza tena na tena. Mjomba alikuja na tochi, akainama, akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mpwa wangu, ulianza kuhesabu upande gani?" Jasho likanitoka. Nilikuwa nimehesabu kutoka upande usio sahihi. Waya ulikuwa katika kishimo namba 5, ambacho ni cha kutoa ishara, si cha kupokea. Kila nilipobonyeza Shift nilikuwa nikiivuta ishara ile hadi hasi.

Mjomba akanionyesha kishimo namba 1, vishimo vichache tu kutoka pale. "Hiki kina volti 5 zenyewe. Ungetia hapa, ukabonyeza Shift, ungeunganisha chanya na hasi. Mzee tungemwambia nini?" Sikuwa na jibu. Nilifikiria yule mzee na kisa chake cha safari, na nyumba inayouzwa mwezi ujao. Mjomba hakunipiga wala hakunifokea. Aliniambia tu nizime, nichomoe, na nihesabu upya kwa sauti, yeye akisikiliza. Moja, mbili, tatu, nne. Tulipowasha, namba zikashuka. Mungu alitusitiri.

Onyo: ukishatia waya huu, usitumie kijiti cha michezo chenye kitufe cha tatu. Kitufe hicho kikibonyezwa pamoja na Shift, chanya na hasi zitakutana vile vile.

6. PROGRAMU

Waya peke yake hauandiki. Unaleta habari tu, na lazima awepo wa kuisoma. Hii ndiyo programu tuliyoandika:

10 K = PEEK(49152)
20 IF K < 128 THEN 10
30 S = PEEK(49251)
40 POKE 49168,0
50 IF S > 127 THEN 100
60 IF K = 221 THEN K = 205
70 IF K = 222 THEN K = 206
80 IF K = 192 THEN K = 208
90 GOTO 110
100 IF K > 192 AND K < 219 THEN K = K + 32
110 PRINT CHR$(K - 128);
120 GOTO 10

Maelezo yake ni haya. Mstari wa 10 unasoma kibodi. Mashine hii huongeza 128 kwenye namba ya herufi kitufe kinapobonyezwa, kwa hiyo A huwa 193 na Z huwa 218. Mstari wa 20 unasema, kama hakuna kilichobonyezwa, rudi ungoje. Wa 30 unatazama Shift. Wa 40 unaiambia kibodi, "Nimeshapokea, lete nyingine." Kama Shift haikubonyezwa tunaruka hadi 100, na pale tunaongeza ile 32 yetu. Kama ilibonyezwa, herufi inabaki kubwa.

Mistari ya 60 hadi 80 ni ya nini? Hapa kibodi ilitutegea mtego. Katika mashine hii, Shift na M hutoa ], Shift na N hutoa ^, na Shift na P hutoa @. Tulipoandika mara ya kwanza bila mistari hiyo, "Mombasa" ikawa "]ombasa" na "Pwani" ikawa "@wani". Kwa hiyo tunazirudisha: 221 iwe M, 222 iwe N, 192 iwe P. Ni kweli hatuwezi tena kuandika alama hizo tatu. Lakini Kiswahili hakizihitaji. Tunachohitaji ni kile kibainishi cha ng'ombe na ng'ambo, nacho kipo salama, Shift na 7.

7. KASORO ILIYOBAKI

Sitawadanganya kwamba kazi ilikuwa kamilifu. Ukiandika mbio, kosa hutokea. Unapobonyeza herufi, kibodi huishika mpaka programu iisome. Shift haishikwi, husomwa ilivyo wakati ule ule. Ukiiachilia mapema kabla programu haijafika mstari wa 30, herufi kubwa hutoka ndogo, na M hutoka ] kama zamani. Kwa kifupi, herufi inangoja, Shift haingoji. Dawa ni mkono wa upole: shika Shift, bonyeza herufi, hesabu moja, kisha achilia.

Zaidi ya hayo, programu hii huandika kwenye skrini tu, haihifadhi. Mzee alipewa nyingine ya kuhifadhi ambayo mjomba aliiandika baadaye kwa siku tatu. Hiyo ni ndefu mno kwa jarida hili.

Kampuni yenyewe ilikuja kulitatua jambo hili mwaka 1983, ilipotoa Apple IIe yenye kibodi ya herufi kubwa na ndogo. Lakini mashine za nyuma zilikuwa zimeshauzwa, na wenyewe waliendelea na waya wao.

8. TUMEJIFUNZA NINI?

Tusiwacheke waliounda mashine bila herufi ndogo. Hata wazee wetu wa pwani waliandika tenzi zao kwa hati za Kiarabu, na hati hizo hazina kubwa wala ndogo. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya kale ni ya mwaka 1728, umeandikwa hivyo. Walielewana vizuri kwa sababu hati yao ina njia zake. Sisi tumechagua hati ya Kirumi, na njia yake mojawapo ya kutofautisha amani na Amani ni herufi kubwa. Tukiitumia kila mahali, ni kama hatukuitumia popote. Mwenye kupiga kelele siku nzima, akiita "moto!" nani atamsikia?

Mzee alikuja kuichukua mashine yake Ijumaa jioni. Mjomba aliniambia nimwonyeshe. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya Shift na ule mkono wa upole. Akaketi, akavaa miwani, akaandika polepole kwa kidole kimoja: "Wajukuu wangu, mimi babu yenu nilipanda meli Kilindini." Akaitazama ile K kubwa ya Kilindini kwa muda. Akasema, "Hii ilikuwa inanikera tangu ujana." Hakusema zaidi, ila alitulipa na akaninunulia soda.

Mimi nami nilianza upya na daftari la mistari, kama mtoto wa darasa la kwanza, a na o, n na u. Insha ya mhula uliofuata nilipata 13. Mwalimu aliandika, "Sasa nakusoma. Lakini hiyo u bado yanitia shaka." Haba na haba hujaza kibaba.

9. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Andika "m-a-m-a" kwa namba za ASCII, kisha andika "M-A-M-A". Tofauti kati ya kila jozi ni ngapi?
2. Neno "baba" lingetokeaje katika skrini ya picha 64? (Alama namba 34 ni ya kufungua maneno ya msemaji: ")
3. Eleza kwa nini waya usitiwe katika kishimo namba 1.
4. Toa maana mbili za kila fungu: SALA YA IMANI, SIKU YA FURAHA, WIMBO WA TUMAINI. Kisha liandike kila moja mara mbili ili maana zisigongane.
5. Tunga sentensi moja ambayo kwa herufi kubwa tupu ina utata, lakini kiambishi kimoja cha kitenzi kinauondoa.

Majibu niletewe siku ya mkutano wa Chama. Atakayepata yote, nitamwomba mjomba amwonyeshe mashine nyingine iliyo dukani. Hiyo haijawashwa bado, na sitahesabu vishimo peke yangu.